Nafurahia kumuumiza mke wangu, naye anafurahia. Nastahili Mirembe?

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 39, mtumishi wa umma. Serikali ilipohamia Dodoma nami nikahama na ofisi yangu, sasa tunakaa Nkuhungu, mimi, mke wangu na watoto wawili. Mke wangu ana miaka 35, anauza vitenge karibu na soko la Majengo. Si mwanamke wa kuonewa. Wateja wanaojaribu kumzungusha wanamjua, na mimi namjua.

Haya nayaandika ndani ya gari, nimeegesha chini ya mbuyu njia ya kwenda Bahi, maana nyumbani siwezi na ofisini ndiyo kabisa.

Tangu mwaka wa pili wa ndoa tuna mchezo wetu wa chumbani. Alianza yeye. Siku moja aliniambia nimng'ate begani, nikamng'ata kwa woga, akasema, "Unang'ata kama mtu mwenye jino bovu." Tulicheka mpaka mtoto akaamka. Kuanzia hapo tukasogea taratibu: kufinya, kumfunga mikono kwa khanga yake moja ya zambarau, mpaka tukafika kwenye mkanda. Anaomba mwenyewe. Siku nyingine mimi ndiye ninayechoka kabla yake.

Kwa hiyo hofu yangu siyo juu yake. Ni juu yangu, kwa sababu mimi nafurahia. Siyo kwamba namridhisha tu. Nikimwona anakunja uso na kuuma shuka, kitu kinaamka ndani yangu. Halafu asubuhi nanyoa ndevu kwenye kioo namwona baba yangu.

Baba alikuwa anampiga mama, Shangazi. Kila mwisho wa mwezi, na katikati ya mwezi kukiwa na sababu. Mimi mkubwa nilikuwa nawachukua wadogo zangu nawapeleka nyuma ya zizi, tunakaa huko mpaka kelele ziishe. Nikisikia kimya najua tunaweza kurudi. Niliapa sitanyanyua mkono kwa mwanamke, na sasa nina mkanda mkononi.

Yapo mawili yaliyonifanya niandike. Mama mkwe alikuja kutoka Mvumi na mfuko wa ubuyu na mlenda mkavu, akaona alama kwenye kifundo cha mkono wa binti yake. Mke wangu akasema kabanwa na mlango wa duka. Mama mkwe hakusema neno. Alinitazama tu, na chakula cha jioni alikula jikoni na wajukuu.

La pili ni baya zaidi. Mwezi uliopita tuligombana kwa sababu alichukua 400,000 za kikoba akampa dada yake bila kuniambia. Hatukumaliza ule ugomvi. Usiku mimi ndiye niliyeanza mchezo. Nikamfunga kama kawaida, lakini nikajisikia nasema, "Utajifunza." Nilichapa kwa nguvu kuliko siku zote. Alisema "acha" mara mbili, nikaona ni ile acha yake ya siku zote. Aliponyamaza ndipo nilipoacha. Asubuhi nilimuuliza akasema yuko sawa, akachemsha chai, akaenda dukani. Lakini tangu siku ile khanga ya zambarau siioni, wala hajaomba tena. Na mimi mpumbavu juzi nikamwambia nimeona watu mtandaoni wanakabana shingo, tujaribu. Akasema, "Tutaona."

Ofisini watu wakitaniana wanaambiana, "Wewe wa Mirembe," yaani wa hospitali ya wagonjwa wa akili. Nacheka nao, lakini moyoni naona nimeambiwa mimi. Je, naumwa? Nimerithi? Tuache kabisa?

Baba wa wawili, Nkuhungu

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako niliisoma nikiwa na kalamu nyekundu, tabia ya ualimu haijanitoka. Kurasa mbili za mwanzo sikuweka alama hata moja. Nilipofika kwenye "utajifunza" nilipiga mstari mpaka karatasi ikatoboka. Kwa hiyo ujue mapema kwamba nina majibu mawili, na la pili hutalipenda.

Nianze na ugonjwa. Madaktari wa akili wenyewe walilifikiria jambo hili kwa zaidi ya miaka mia. Neno sadizimu, yaani raha ya kumuumiza mwingine, liliingizwa kwenye vitabu vya udaktari na daktari wa akili Richard von Krafft-Ebing mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, naye alilitoa kwenye jina la bwana mmoja wa Ufaransa, Marquis de Sade. Huyo bwana mwaka 1768 alimchukua mwanamke fukara, akamdanganya kuwa anampa kazi, akamfungia nyumbani na kumchapa. Mwanamke akatoroka kupitia dirishani, akaenda kushtaki. Unaona neno lilikozaliwa? Lilizaliwa kwa mtu ambaye hakuomba ruhusa, na kwa muda mrefu kila aliyependa mambo haya, hata yule aliyekubaliana na mwenzake vizuri kabisa, alivishwa kofia ya huyo bwana.

Siku hizi kofia imevuliwa. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili wa Marekani wa mwaka 2013 unatenganisha mtu mwenye hamu isiyo ya kawaida na mtu mgonjwa. Hamu peke yake siyo ugonjwa. Inakuwa tatizo la kitabibu pale inapomtesa mwenyewe, inapoharibu maisha yake, au anapoitimiza kwa mtu asiyeridhia. Shirika la Afya Duniani nalo lilipopitisha orodha yake mpya ya magonjwa mwaka 2019, iliyoanza kutumika Januari 2022, liliondoa mapenzi ya kuumizana kwa hiari ya watu wazima. Lilichobakiza ni raha ya kumtesa mtu ambaye hakukubali.

Halafu hiyo habari ya Mirembe. Hapa mjini tumeigeuza hospitali kuwa tusi, na matokeo yake mtu anakosa usingizi miaka mitatu akiogopa kuonekana getini. Watu wanaingia pale asubuhi wanaongea na daktari, mchana wamerudi kazini, kama unavyokwenda kupima presha. Nitarudi hapo.

Unauliza inawezekanaje mtu akafurahia maumivu, na mwingine akafurahia kuyatoa. Nenda saluni yoyote pale Majengo Jumamosi. Utamkuta mwanamke anasukwa nywele zimevutwa mpaka macho yamekuwa membamba, machozi yanamtoka, na bado anasema, "Hapo mbele kaza." Wiki sita baadaye anarudi kwa msusi yule yule. Maumivu hayana maana moja. Mwili uliotulia na kujiona salama unayapokea tofauti na mwili ulioogopa, na ubongo una dawa zake za kutuliza ambazo huzimwaga mtu anapoumia, ndiyo maana wengine husema wanajisikia wepesi baadaye, kama mtu aliyekimbia mbio ndefu. Mke wako ni wa kundi hilo. Aliliomba mwenyewe, akakucheka jino.

Na wewe unayetoa? Wengi wa aina yako wakisema ukweli, kinachowachangamsha ni kuona wameaminiwa kiasi kile. Mtu mzima mwenye duka na ulimi wake amekupa mikono yote miwili uifunge. Uso anaoukunja ni jibu kwako. Huyo mwenzako akiacha kufurahia, na raha yako inakufa hapo hapo. Jipime hapo, na ujipime kwa ukweli: ule usiku wa kikoba, raha yako ilikufa alipoacha kufurahia, au iliendelea?

Hapo ndipo kwenye jibu la pili.

Wewe umekulia huku kwetu, utani unaujua. Mtani wako anaweza kuja msibani, marehemu yupo ndani, akaimba matusi na kudai alipwe ndipo kaburi lifukiwe. Watu wanacheka na machozi machoni. Maneno yale yale akiyasema mpita njia, atatolewa kwa mangumi. Matusi hayajabadilika hata herufi. Kilichobadilika ni nani kasema, kwa nani, na kama pande zote mbili zinajua kuwa huu ni utani. Na mtani mwenyewe anajua mpaka: akiona mjane kazidiwa, ananyamaza, anakwenda kumshika mkono. Sasa chukua mtani mwenye deni la kweli na wafiwa, aje msibani adai deni lake kwa sauti ya utani. Huyo ametumia mlango wa utani kuingiza ugomvi. Watu wazima huligundua mara moja, hata kama anacheka.

Ulifanya hivyo. Ulikuwa na hasira ya laki nne, ukaivalisha nguo za mchezo. "Utajifunza" ni neno la adhabu, na adhabu kwa mke haina ruhusa hata kwenye sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, hata kama mila inaruhusu. Miaka yote ya nyuma mkanda wako haukuwa adhabu. Usiku ule ulikuwa.

Na tuiseme ile "acha". Kiswahili chetu kimejaa acha za kucheka: acha bwana, acha utani, acha zako wewe. Ndiyo maana neno hilo halifai kuwa breki. Miaka yote hiyo mmecheza bila breki na mlikuwa na bahati. Tafuteni neno ambalo halina kazi kitandani. Mimi ningechagua "shusha." Kila mtu aliyepanda daladala anajua shusha haina mjadala, na konda anayepitiliza kituo anajua atakachosikia. Likitamkwa, kila kitu kinasimama papo hapo, mikono inafunguliwa, taa inawashwa, hakuna kuuliza "una hakika?" wala kununa. Wekeni na jingine dogo la kupunguza mwendo bila kusimama, maana mara nyingi mtu hataki kushuka, anataka tu dereva apunguze. Na siku mdomo hauwezi kusema, ashike funguo mkononi. Zikianguka sakafuni, mmefika kituoni.

Lakini neno peke yake halitakusaidia kama masikio yako yamefundishwa vibaya. Ulisimama lini usiku ule? Aliponyamaza. Na nyuma ya zizi mlikuwa mnarudi lini? Kukiwa kimya. Sikusemi kwa ubaya, nimekaa na sentensi hiyo siku mbili. Mtoto yule alijifunza kuwa kelele ni hatari na kimya ni salama, na ilikuwa akili ya kuokoa wadogo zake. Leo una miaka 39, na katika mambo haya ni kinyume chake. Mwanamke anayecheka, anayelalamika, anayekutukana jino, huyo yupo na wewe. Aliyenyamaza ghafla, aliyelegea, aliyegeuza macho ukutani, huyo ameshaondoka. Ukikutana na kimya, simama na umwite jina lake.

Hivyo, kuhusu kurithi: hamu hukuirithi. Baba yako hakuwa anacheza na mtu, mama yako hakuwa na neno lolote la kumsimamisha, na hakuna siku aliyoomba kupigwa. Ulichobaki nacho ni yale masikio, na kuhusu hayo ndiyo ningependa ukaongee na mtaalamu. Pale Mirembe wapo, na hospitali nyingine kubwa hapa mjini nazo zina kliniki za afya ya akili. Nenda ukaongee habari ya zizi. Habari ya khanga utaamua mwenyewe kama utaitaja, daktari hatashtuka.

Shingo. Hapana. Nimesema mengine yote kwa upole, hili nalisema kama mwalimu wa zamu. Mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo inapita pembeni ya shingo, karibu na ngozi. Ikibanwa mtu anaweza kuzimia ndani ya sekunde chache, na aliyezimia hasemi shusha. Kuna anayeamka akaonekana mzima, madhara yakajitokeza saa nyingi au siku kadhaa baadaye. Hakuna namna ya kukaba iliyo salama. Hao wa mtandaoni wanakuonyesha dakika tatu, hawakuonyeshi wodi. Na "tutaona" ya mke wako, wewe uliyeishi naye miaka yote hiyo, unajua maana yake. Kwa wateja anaitumia kila siku: "Nipunguzie elfu tano." "Tutaona."

Mengine nayapitia haraka. Mkanda uende penye nyama tu, usiguse figo, uti wa mgongo, tumbo, viungo wala uso. Khanga ikivutwa fundo hujikaza, kwa hiyo vidole viwili vipite kati ya kitambaa na mkono, mkasi uwe karibu, na akisema vidole vinakufa ganzi fungua hapo hapo. Aliyefungwa haachwi peke yake hata dakika moja ya kwenda kupokea simu. Asicheze aliyelewa, hata kama ni mvinyo wetu wa hapa hapa. Mlango ufungwe kwa ufunguo, watoto hawana la kuona humo. Mkimaliza, usigeuke ukalala: maji ya kunywa, shuka, mkono begani, maneno mawili matatu ya kawaida. Wengine huzuni huwashika kesho yake au keshokutwa bila sababu, na anayetoa naye humpata. Ile sura ya baba yako kwenye kioo asubuhi, nadhani sehemu yake ni hiyo.

Na usijidanganye kwamba "alikubali mwenyewe" ni mwavuli wa kila mvua. Uingereza mwaka 1993 watu wazima waliokubaliana kuumizana walifika mpaka mahakama ya juu kabisa ya nchi ile na wakashindwa, ridhaa yao haikuwakinga kwenye kosa la kujeruhi. Huku kwetu mtu akiumia vibaya, hospitali itauliza PF3, ile fomu ya polisi, na hakuna askari atakayetaka kusikia habari ya mchezo wenu.

Mama mkwe mwache. Aliona alama kwenye mkono wa mtoto wake akanyamaza na kukutazama. Mama yeyote mwenye akili angefanya hivyo, na laiti mama yako naye angekuwa na wa kumtazama baba yako namna ile. Usiende kujieleza. Kama kuna la kusema atalisema binti yake, kwa kiasi atakachotaka, na nyie muache kuweka alama kwenye mikono inayopima vitenge mbele ya watu.

Nakatisha kidogo, niongee na dada mmoja ambaye najua anasoma hapa. Kama wewe hukuwahi kuomba, kama unaogopa kusema hapana kwa sababu ya kodi au watoto, na yeye anaita mchezo, huo siyo mchezo na barua hii haikuhusu. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, au ofisi ya ustawi wa jamii. Usimpe yeye gazeti hili asome.

Nirudi kwako. Umeuliza kama muache kabisa. Kwa sasa ndiyo, mkanda ukae kwenye suruali, na siyo wewe utakayesema lini utoke tena. Kwanza malizeni ile laki nne, mezani, mchana, watoto wakiwa shule, mpaka iishe kweli. Siku nyingine, usichanganye, mwombe msamaha wa usiku ule. Usiseme "kama nilikukosea." Sema: ulisema acha mara mbili, sikuacha, nilikuwa na hasira na nikakuadhibu. Kisha nyamaza umsikilize hata akiongea saa nzima, hata akilia, hata akikuambia mambo ya mwaka juzi. Asipoongea siku hiyo, usimsukume.

Na usimuulize tena kama yuko sawa, atakujibu yuko sawa. Muulize khanga ya zambarau iko wapi. Akikuambia ameigawa, usimnunulie nyingine.

Shangazi